Nyangumi Ndani ya Difu: Stori ya Kichupa Ambacho Mafundi Wengi Wanakisahau

Harufu ya mafuta ya difu haisahauliki. Bolti ikilegea tu, kabla hata tone la kwanza halijafika kwenye beseni, gereji nzima inajua. Inanuka yai viza na kiberiti, na ndani yake kuna kitu kama mpira ulioungua. Ikimwagikia nguo, hiyo nguo ndo imeshakuwa ya kazi. Wenye magari ya spoti wengi wanaichukulia kama kero ya nusu saa: wanalipa, wanawasha gari, wanasepa. Wachache sana wanajua kwamba harufu hiyo ina historia ndefu, na kwamba kuna kipindi, tena si cha zamani sana, ndani ya mafuta hayo kulikuwa na mnyama.

Mnyama wa baharini. Nyangumi.

Sio chai. Ila ili ieleweke nyangumi aliingiaje kwenye gari la mbio, inabidi kuanza na difu yenyewe, lile bonge la chuma lililovimba kama boga katikati ya ekseli ya nyuma.

Gari likikata kona, tairi la nje linasafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangekuwa yamefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingekuwa linaburuzwa kila kona. Jibu lililotumika kwenye magari lilitoka kwa Mfaransa mmoja, fundi saa kwa asili, ambaye miaka ya 1820 alikuwa anahangaika na gari la mvuke. Alipanga gia ndogo ndogo kiasi kwamba kila tairi linazunguka kwa kasi yake, huku yote mawili yakiendelea kusukumwa na injini moja. Magari karibu yote barabarani leo yanatumia wazo hilo, na jina lake hata kwenye gereji za kwao Ufaransa halitajwi. Kwenye stori hii atakuwa na wenzake wengi.

Kwa karibu miaka mia hivi difu haikuhitaji mafuta ya ajabu. Grisi nzito ilitosha. Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 1920, na kilichoyabadilisha ni kitu ambacho vijana wa leo wanakielewa vizuri kabisa: watu walitaka gari likae chini.

Tatizo lilikuwa propela shafti. Ilikuwa inaingia difu katikati ya gia kubwa, kwa hiyo ilipita juu, na sakafu ya gari ikalazimika kuwa juu, na abiria wakakaa kama wamepanda mkokoteni. Kampuni ya Gleason ya Rochester, New York, iliyokuwa inatengeneza mashine za kukatia gia, ikaja na meno ya haipoidi, yaliyopinda kwa namna ya kwamba pinioni inaweza kuingia chini ya katikati. Packard wakaiweka kwenye magari yao ya modeli ya 1927. Shafti ikashuka, sakafu ikashuka, gari likashuka. Ule mkao wa chini ambao watu leo wanautafuta kwa kukata springi, enzi hizo ulipatikana kwa hesabu za meno ya gia.

Lakini meno ya haipoidi yana tabia mbaya. Gia za kawaida zinaviringika, jino juu ya jino. Hizi zinaviringika na kuteleza kwa wakati mmoja, kwa mgandamizo mkubwa mno, hadi zinafuta mafuta kama mtu anavyofuta meza kwa kitambaa. Chuma kinagusana na chuma, kinapata joto, kinang'atana. Difu mpya inaweza kufa mapema kabisa. Wakemia wakagundua kwamba ukichanganya salfa kwenye mafuta, pale sehemu inapopata joto kali salfa inaungana na chuma na kutengeneza utando mwembamba sana unaokubali kusagika badala ya jino lenyewe. Utando unaliwa, mwingine unazaliwa. Hiyo ndiyo sababu ya ile harufu ya yai viza, na ndiyo sababu oili ya injini haiwezi kukaa kwenye difu, hata iwe ya bei mbaya kiasi gani.

Hapo nyangumi bado hajaingia. Alikuja pamoja na kasi.

Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja ambao kila aliyewahi kukwama kwenye tope anaujua. Tairi moja likikosa kitu cha kushika, linazunguka bure, na lenzake limekaa kimya kama halihusiki. Kwenye gari la familia hiyo ni aibu ndogo. Kwenye gari la mashindano ni kushindwa. Miaka ya 1930 magari ya Grand Prix ya Auto Union kule Ujerumani yalikuwa na nguvu nyingi kiasi kwamba tairi moja la nyuma lilikuwa linachoma lami tu badala ya kusukuma gari. Mwaka 1935 kiwanda cha ZF kikapewa kazi ya kutengeneza difu inayojibana, inayokataa kuliachia tairi moja nguvu zote. Ndiyo LSD. Hapana, si kile kidonge; ni kifupi cha jina lake la Kiingereza.

Marekani iliifikisha kwa watu wa kawaida. Packard waliiweka sokoni mwaka 1956, na 1957 Chevrolet wakaanza kuiuza kwenye Corvette kwa jina la Positraction. Ndani yake kulikuwa na pleti kama za klachi, zimepangwa kama chapati kwenye hotpoti, zikibana kila upande. Tairi moja likitaka kukimbia peke yake, pleti zinalishika.

Sasa hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Gari likikata kona taratibu, mfano linageuza kwenye maegesho, pleti zinatakiwa ziteleze kidogo, kwa ulaini. Kwenye mafuta ya kawaida ya difu haziteleza hivyo. Zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia, mara nyingi kwa sekunde. Dereva anasikia nyuma inanguruma na kutetemeka, grrr-grrr-grrr, kama gari linataka kukatika vipande. Mtu ametoa hela ndefu kununua Corvette mpya, halafu akiingia kwake inalia kama trekta bovu. Ilihitajika dawa ya kuzifundisha pleti adabu: zibane kwenye mwendo, ziteleze kwenye kona.

Na dawa bora iliyokuwepo ilikuwa inaogelea.

Si kila nyangumi. Ni yule mwenye kichwa kikubwa kama kontena, yule yule anayetoa ambari, ambayo watu wa pwani wameinusa kwenye manukato kwa karne nyingi bila wengi kujua imetoka tumboni mwa nani. Kichwani dume kubwa linaweza kubeba zaidi ya lita elfu moja za kitu kinachoitwa mafuta, ingawa kwa kemia yake ni nta iliyo katika hali ya kimiminika. Tofauti hiyo ndiyo iliyomponza. Nta hiyo haigandi kirahisi kwenye baridi, haiwi nyepesi kama maji kwenye joto, haichachi haraka kama mafuta mengine ya wanyama. Ikikaa kwenye chuma, upande mmoja wa molekuli unashikilia chuma na upande mwingine unasimama kama manyoya ya zulia. Pleti mbili zikikutana, zulia linateleza juu ya zulia. Mlio unakwisha. Ikichanganywa na salfa inavumilia mgandamizo wa gia pia. Kwenye mafuta ya gia na dawa za difu za LSD Marekani, na hata kwenye mafuta ya giaboksi za otomatiki, mafuta ya nyangumi yakawa kiungo cha kutegemewa. Si kila chupa ilikuwa nayo. Ila zilizokuwa nayo zilifanya kazi vizuri mno, na hakuna mnunuzi aliyeuliza.

Uwindaji wenyewe ulikuwa wa zamani, na unagusa nyumbani. Miaka ya 1830 na 1840 Zanzibar ilikuwa inapokea meli nyingi za Wamarekani. Seyyid Said alisaini nao mkataba wa biashara mwaka 1833, na 1837 wakaweka konsuli wao pale. Walileta kitambaa ambacho mpaka leo bibi anakiita marekani, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Lakini kulikuwa na meli nyingine zilizokuwa chafu zaidi, zenye majiko ya kuchemshia mafuta juu ya sitaha na moshi mweusi unaozitangulia. Hizo zilikuwa za wawindaji nyangumi wa Massachusetts. Walizunguka Bahari ya Hindi magharibi wakiwafuata nyangumi wa ambari, kisha wakatia nanga Zanzibar kutafuta maji, kuni na matunda.

Mabaharia wake walikuwa vijana tu, wengine hawajafika hata miaka 20, wakilipwa sehemu ndogo ya faida ambayo mara nyingi iliishia kwenye madeni ya nguo na tumbaku walizokopa melini. Mmoja alichoka kabisa, akashuka Zanzibar, akakaa hapo miezi kadhaa, na mwaka 1846 akachapisha kitabu chenye sehemu nzima kuhusu kisiwa hicho na maneno makali kuhusu jinsi mabaharia walivyotendewa. Huyo angalau alijua kuandika. Wengine walizikwa baharini, na mafuta waliyoyakusanya yakawaka kwenye taa za watu wasiowajua.

Taa za nyangumi zilizimwa na mafuta ya taa, baada ya kisima cha petroli kuchimbwa Pennsylvania mwaka 1859. Kwa akili ya kawaida mtu angesema hapo nyangumi amepona. Wapi. Mashine ndogo na za kisasa ndizo zilizomtaka zaidi, na karne ya 20 ilikuja na meli za injini na mizinga ya kurushia chusa. Katikati ya miaka ya 1960 nyangumi wa ambari zaidi ya 20,000 walikuwa wanauawa kwa mwaka mmoja, wengi wao na meli za Kisovieti na za Kijapani. Durban, kwenye bahari hii hii ya Hindi, walikuwa wanatumia ndege kuwatafuta, rubani anaona, anaita kwa redio, meli inafuata. Kazi ya kuwapasua ufukweni ilifanywa kwa kiasi kikubwa na vibarua wa Kiafrika ambao hakuna tangazo la gari lililowahi kuwataja. Kituo hicho kilifungwa 1975.

Ni vigumu kusoma hizo tarehe bila kushtuka. Watu wanadhani uwindaji wa nyangumi ni mambo ya meli za matanga na wazee wenye ndevu. Kumbe ulikuwa mkali zaidi wakati Corvette zinauzwa kwenye maduka yenye taa za neoni na redio zikipiga rock and roll.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilimweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mlango wa kuingiza mafuta yake ukafungwa. Tuseme ukweli, waliomwokoa hawakuwa wapenda magari. Ni wanasayansi, wanaharakati na watu wa kawaida walioandamana, huku watu wa viwanda wakisema haiwezekani, kwamba hakuna mbadala. Na kwa miaka michache ilionekana kama wana hoja. General Motors walilazimika kubadili mafuta ya giaboksi zao za otomatiki, na toleo la kwanza lisilo na nyangumi lilikuwa linakula risasi iliyounganisha vipozeo, hadi likarekebishwa tena. Kwenye mafuta ya difu kazi ilikuwa ile ile: jaribu, sikiliza kama inalia, jaribu tena. Kwenye maabara kulikuwa na watu ambao kazi yao kwa miezi ilikuwa kusikiliza difu zikinguruma.

Mbadala mmoja ulitoka jangwani. Kule Arizona na kaskazini ya Mexico kuna kichaka kinaitwa jojoba, ambacho wenyeji wa huko walikuwa wanatumia mbegu zake tangu zamani. Ukizikamua, kinachotoka nacho si mafuta kamili bali nta ya kimiminika, karibu ndugu wa damu wa ile ya nyangumi. Baada ya marufuku watafiti waliikimbilia, wakaichanganya na salfa, ikafanya kazi. Shida ikawa bei na mavuno, na baadaye viwanda vikaegemea zaidi mafuta ya kutengenezwa maabara. Jojoba ikahamia upande mwingine wa maisha. Ndiyo hiyo hiyo iliyopo kwenye kichupa cha mafuta ya nywele dukani, na dada anayeipaka kwenye rasta zake hana habari kwamba iliwahi kufanyiwa usaili wa kazi ya kukaa ndani ya difu.

Wakati hayo yakitokea ng'ambo, Afrika Mashariki ilikuwa na masomo yake ya difu. Mwaka 1971 gari la spoti la Kijapani, Datsun 240Z, lilishinda mbio za Safari zilizopita Kenya, Uganda na Tanzania, na lenzake likashika nafasi ya pili. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hii mikononi mwa dereva mzaliwa wa Uganda aliyemaliza akiwa sawa kwa pointi na mpinzani wake. Picha zilimwendea dereva, kama kawaida. Lakini Safari ilikuwa vumbi, mawe na mito, na ilibebwa pia na mafundi waliosubiri kando ya barabara usiku, jeki tayari na spana mkononi, kubadilisha vyuma vya moto kabla sekunde hazijaisha. Mikono iliungua. Majina hayakuandikwa.

Wapenzi wa magari hayo walizaa wapenzi wengine. Leo mitaa ya Dar na Nairobi imejaa Subaru, Skyline na Mark II zilizoshushwa bandarini zikiwa na umri wa miaka mingi, na baadhi zina LSD ambayo mwenye gari wala hajui kama ipo. Ndipo stori ya nyangumi inapogeuka kuwa hela. Mtu anapeleka gari gereji, fundi anamwaga ya zamani, anaweka "90" iliyopo kwenye dumu, anafunga. Wiki inayofuata gari linanguruma kila kona. Mwenye gari anaambiwa beringi, anabadilisha beringi. Anaambiwa difu imekufa, ananunua difu nyingine ya mtumba. Kumbe kilichokosekana ni kichupa kidogo. Zile dawa za Ford na GM zinauzwa kwenye chupa ya mililita 118 tu, na hizo mililita ndizo zinazofanya kazi ambayo zamani mnyama wa tani kadhaa aliuawa kwa ajili yake.

Si kila LSD inaidai dawa hiyo. Torsen inajibana kwa gia, haina pleti, na zile za kimiminika kizito zimefungwa humo humo. Oili nyingine zimeshachanganywa dawa kiwandani na zimeandikwa hivyo kwenye chupa. Wa kuwa makini ni mwenye pleti. Na mwenye giaboksi ya zamani pia: oili ya difu ya daraja la GL-5 ina salfa nyingi, na salfa inayolinda chuma inaweza kula shaba iliyomo kwenye giaboksi za aina hiyo, kwa hiyo chupa iliyobaki isiishie huko kwa kubana matumizi.

Kubadilisha kwenyewe hakuna uchawi. Gari linaendeshwa kwanza ili mafuta yapate moto, linanyanyuliwa likiwa sawa, na linakaa juu ya stendi, sio jeki peke yake. Bolti ya juu, ya kujazia, ndiyo inafunguliwa kwanza. Mafundi wengi wanaanza na ya chini, halafu ya juu inagoma kwa kutu, na gari linabaki juu ya stendi bila tone la mafuta. Sumaku ya bolti ya chini inasoma afya: uji wa kijivu laini ni kawaida ya umri, vipande kama kucha zilizokatwa ni habari mbaya. Kichupa cha dawa kinatangulia, oili inafuata hadi inaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, na bolti inarudi.

Halafu linakuja tendo ambalo wapita njia hawalielewi. Fundi mzuri analipeleka gari kwenye uwanja ulio wazi na kuliendesha polepole akichora namba 8, kona ya kulia, kona ya kushoto, tena na tena, ili mafuta mapya yaingie katikati ya kila pleti. Raundi za kwanza nyuma bado inanguruma. Ya nne au ya tano inapungua. Anazima redio, anashusha kioo, anazunguka tena, anasikiliza.

Kimya.